Kuchagua Magurudumu ya Baiskeli kwa Mshahara Mdogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Jambo tutakalolisema si kubwa kama yale ya mishahara na nyumba mliyozoea kuyasikia hapa, walakini laihusu mishahara hiyo hiyo. Wengi wetu twaenda kazini kwa baiskeli, na baadhi yetu wamenunua zile baiskeli nyepesi za barabara ziletwazo kutoka Ulaya baada ya kutumika huko. Magurudumu yake yakisha kuchoka, mwenyewe hukaa akahesabu fedha zake na kujiuliza, Ninunue yapi?

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu. Mwaka jana tulikuwa na akiba kidogo, na sehemu yake ilikuwa ya sare za shule za watoto. Tukaona magurudumu meusi ya kung'aa, yenye ringi pana na spoku 20 tu, bapa kama ukindu. Muuzaji akatuambia kwamba ni mepesi mno, nasi tukatoa akiba yote. Mwezi wa tatu, asubuhi, tukiwa na mfuko mgongoni, spoku moja ya nyuma ikakatika. Kwa kuwa spoku zilikuwa chache, gurudumu lilipinda papo hapo hata likakwama kwenye breki. Tulibeba baiskeli begani, tukafika ofisini saa tatu u nusu. Fundi wa sokoni alikuwa na spoku tele, ila zote za mviringo zenye shingo iliyopinda. Yetu ilikuwa ya namna yake peke yake, haipatikani ila kwa kuagizwa ng'ambo. Wiki saba tulikwenda kwa miguu, na watoto wakafungua shule na sare zilizowabana. Wahenga walisema kweli, Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tangu siku ile tumejifunza habari za magurudumu. Watu wengi hudhani kwamba mzigo husimama juu ya spoku kama nyumba juu ya nguzo. Sivyo. Spoku ni nyembamba, ukiisukuma hujikunja. Nguvu yake ni katika kuvutwa. Fundi huzikaza zote hata zikaivuta ringi kuelekea katikati. Gurudumu likikanyaga chini, spoku za chini hulegea kidogo, kisha zikipanda hukaza tena. Katika kilomita moja jambo hili hutukia zaidi ya mara 460. Spoku isiyokazwa vema tangu mwanzo hulegea kabisa na kukaza tena kila mzunguko, na chuma chake huchoka penye shingo, mwisho hukatika. Mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, alilieleza jambo hili katika kitabu chake The Bicycle Wheel, kilichotolewa mwaka 1981. Basi fedha zenu zinunue kwanza kazi njema ya mkono wa fundi, na baadaye wepesi na mng'ao.

Sasa twataja mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni kipimo. Baiskeli zetu za zamani za breki za fito huitwa za ishirini na nane, na ringi yake ina milimita 635 pale mpira unapokaa. Baiskeli nyingi za barabara za sasa nazo mara nyingine huitwa za ishirini na nane, lakini ringi yake ina milimita 622. Mpira wa hii hauingii katika ile. Msisikilize jina, someni tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa mpira, mathalan 28-622, yaani upana milimita 28 na ringi ya 622. Kadhalika pimeni nafasi ya uma wa nyuma. Baiskeli za barabara zenye gia 6 au 7 nyuma kwa kawaida zina milimita 126. Zilizofuata, zenye gia 8 na kuendelea, zina 130. Na nyingi zenye breki za sahani zina 135 au 142.

La pili ni spoku. Chagueni 32 au 36, za mviringo, zenye shingo iliyopinda, kama zile azozisuka fundi wa mtaani. Moja ikikatika, nyingine zitawafikisha nyumbani.

La tatu ni habu. Ile ya gololi na grisi haina aibu. Nyuma huwa na gololi za robo inchi, na mbele mara nyingi za inchi 3/16, na fundi yeyote hujua kuifungua na kuisafisha. Zungusheni ekseli kwa vidole. Ikikwaruza au ikichezacheza, ulizeni sababu.

La nne ni ringi. Ya alumini ni bora kuliko ya chuma, maana ya chuma ikilowa mvua breki hazishiki vema. Kama ni kuukuu, wekeni rula ubavuni mahali pa breki. Mkiona bonde, iacheni, kwa kuwa ukuta wake umekwisha kuliwa.

La tano, gongeni spoku kwa kidole moja moja. Za upande mmoja zapaswa kutoa sauti moja. Upande wa gia huwa umekazwa zaidi kuliko wa pili, na hilo si kosa. Baada ya wiki chache za kuendesha, mrudishieni fundi azikaze upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huenda mmoja wenu akasema, Je, wepesi hauna faida? Unayo, lakini na tuihesabu. Mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 10, na mfuko wa kilo 5, jumla kilo 85. Magurudumu ya bei kubwa yakipunguza gramu 300, hiyo haifiki hata nusu ya sehemu moja katika mia. Heri fedha hizo mnunue mipira mizuri, yenye upana wa milimita 28 ikiwa uma na breki zaruhusu. Hiyo mtaiona faida yake kila siku barabarani. Na asiye na fedha za magurudumu mapya, kama habu yake ni nzima, aihifadhi, anunue ringi na spoku tu, amlipe fundi asuke upya. Ndivyo tulivyofanya sisi mwishowe, na gurudumu lile latubeba hata leo.

Tunayo haja moja kwa Halmashauri. Chama kikinunua ufunguo mmoja wa spoku na kasha dogo la spoku za vipimo vyetu, likae kwa Katibu, hapana mwanachama atakayechelewa kazini kwa ajili ya kijiti cha chuma, wala hapana mtoto atakayekosa sare kwa kosa la baba yake.