Nyimbo za Kufokafoka na Maana Zake: Vijana Wetu Wanasikiliza Nini?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi na vijana baada ya Sala ya Alasiri katika mkutano wa mwezi. Tunaichapa kwa ajili ya ndugu wa matawi ya mbali ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)

 

Ndugu zangu, siku chache zilizopita mzazi mmoja alikuja nyumbani kwangu na daftari la mwanawe. Alilikuta chini ya godoro. Lilikuwa limejaa maneno ya nyimbo za kufokafoka, au rapu kama vijana wanavyoziita, yote kwa Kiingereza, na kwa mwandiko mzuri kuliko ule ambao kijana huyo ananiandikia mimi chuoni. Mzee alitaka tulichome moto hapo hapo uani. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Akaniamkia, kisha akasema kwa adabu: “Maalim, mkilichoma mtachoma na jina la Allah, maana limo.”

Nikafungua. Kweli limo. Alikuwa amechora umbo la mtu, na kando ya kila kiungo ameandika herufi moja ya jina hilo tukufu kwa herufi za Kizungu. Akaniambia kuwa aliyeimba maneno yale ni Mwislamu wa Marekani, na kwamba baada ya kumsikia yeye ndipo aliporudi chuoni. Nanyi mnakumbuka, kijana huyo alikuwa ameacha chuo kwa karibu mwaka mzima.

Nilinyamaza. Baba yake alikuwa analaani asichokijua, mwanawe anasifu asichokijua, na mimi niliyeletewa kesi sikujua lolote. Katika Surat Bani Israil, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilokuwa na ilimu nalo, na tumeonywa kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Nikawaomba wote wawili wanipe muda. Ninayoyasema leo ndiyo niliyoyapata katika muda huo.

Suala la ala za muziki lina mlango wake katika fiqhi, na wanazuoni wamelizungumza tangu zamani. Sikusimama hapa kulifungua. Nazungumzia maneno. Na katika maneno Qurani Tukufu imetupa mizani: mwisho wa Surat Ash-Shuaraa washairi wanakosolewa kwa kutangatanga na kusema wasiyoyatenda, kisha wanatolewa wale walioamini na kutenda mema. Hassan bin Thabit (r.a.) alikuwa mshairi, na Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimwekea mimbari msikitini. Basi shairi hupimwa kwa lililomo ndani yake.

Sasa turudi kwenye lile daftari. Mwimbaji ambaye kijana alimtaja anaitwa Rakim. Yeye na mwenzake Eric B. walitoa mwaka 1987 sahani iitwayo “Paid in Full”, ambayo wapenzi wa fani hiyo wanaihesabu miongoni mwa kazi kubwa kabisa za rapu. Wimbo wenye jina hilo unasimulia kijana anayepekua mifuko yake na kukuta mitupu. Anakumbuka kuwa zamani alikuwa akipora watu, anatamani kurudia, kisha anajizuia na kuamua kutafuta kazi ya halali. Hiyo ni maana njema. Ningeisikia bila kujua zaidi, ningesema kama alivyosema kijana: huyu ni ndugu yetu.

Lakini mwimbaji huyo, alipokuwa kijana, alijiunga na kundi linalojulikana kwa jina la “Asilimia Tano”. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Kundi hilo lilianzishwa Harlem, katika jiji la New York, mwaka 1964 na mtu aliyeitwa Clarence 13X. Alikuwa askari katika vita vya Korea, kisha akaingia katika Nation of Islam ya Elijah Muhammad, katika hekalu lile lile la Harlem alilokuwa akihubiri Malcolm X. Baadaye akatoka na kuanza kuwafundisha vijana wa mitaani. Mafundisho yake yalisema kuwa watu asilimia themanini na tano wamo gizani, asilimia kumi wanaujua ukweli lakini wanautumia kuwanyonya wenzao, na asilimia tano ndio waalimu wema. Watu wengi wangekubali kuwa mwenye ilimu asimfiche masikini. Tatizo ni huo ukweli wenyewe. Kwa mujibu wao, mtu mweusi mwanamume ndiye Mungu. Clarence aliuawa kwa risasi mwaka 1969, lakini mafundisho yakabaki mitaani, na kutoka mitaani yakaingia katika nyimbo.

Ule mchoro wa kijana ndipo ulipotoka. Katika kundi hilo jina la Allah huandikwa kwa herufi tano za Kizungu, na kila herufi hufanywa mwanzo wa neno la Kiingereza: mkono, mguu, mguu, mkono, kichwa. Yaani mwili wa mwanadamu. Neno Islam nalo hukatwa namna hiyo hiyo hadi likawa na maana ya kwamba mimi, nafsi yangu, ni bwana na mtawala. Subhanallah! Neno ambalo maana yake ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu likageuzwa kuwa kujitawaza. Tazameni pia udhaifu wa hoja yenyewe. Jina hilo liliteremshwa kwa Kiarabu, nalo huandikwa alif, lam, lam, he. Huwezi kupata humo mkono wala mguu wa Kiingereza. Ni mchezo wa tahajia tu.

Rakim alijiita Rakim Allah. Mwislamu huitwa Abdallah, mja wa Allah, hajiiti Allah. Makundi mengine ya miaka ile na iliyofuata, kama Brand Nubian, Poor Righteous Teachers na Wu-Tang Clan, yana waimbaji walioyabeba mafundisho hayo. Wakisalimiana kwa neno la amani na kulitaja jina la Mungu, huenda wanamwita hivyo mwenzao aliyesimama mbele yao. Kijana wa kwetu anayesikia kwa mbali hudhani ni Assalaam alaykum.

Wala isisemwe kuwa kila mwimbaji wa Marekani mwenye jina la Kiislamu ni wa namna hiyo, maana huo nao utakuwa uzushi. Mwimbaji Mos Def, ambaye leo hujiita Yasiin Bey, ni Mwislamu, na sahani yake ya mwaka 1999, “Black on Both Sides”, inaanza kwa Bismillah. Kadhalika wafuasi wengi wa Elijah Muhammad, baada ya kufariki kwake mwaka 1975, waliongozwa na mwanawe Warith Deen Mohammed kuacha itikadi ya baba yake na kuswali kama tunavyoswali sisi. Malcolm X aliwatangulia. Alihiji Makka mwaka 1964. Kwa hiyo sikio haliwezi kuamua peke yake. Ni lazima kuuliza.

Wazee, msije mkadhani kuwa daftari zima lilikuwa hivyo. Kulikuwa na wimbo “The Message” wa mwaka 1982, uliotolewa kwa jina la Grandmaster Flash na wenzake watano. Muziki huu ulizaliwa Bronx, wilaya ya New York, katika miaka ya 1970. Barabara kuu ilikuwa imepasuliwa katikati ya makazi ya watu, ajira zimepotea, na majengo yakiungua mtaa baada ya mtaa. Mwanzoni zilikuwa nyimbo za kucheza na kujisifu. “The Message” ulikuja kutaja uchafu wa mitaa, ukosefu wa fedha, na mtu anayekaribia kurukwa na akili. Ubeti wa mwisho ni wa mtoto anayezaliwa katika ufukara, anawatukuza wauza madawa na walaghai wa mtaani kwake, anaacha shule, anaingia jela na kufia humo. Jambo la ajabu ni kwamba wanakundi wenyewe hawakuutaka. Waliona watu hawapendi kukumbushwa shida zao wakati wa starehe. Uliandikwa hasa na Ed Fletcher, mwanamuziki wa studio, pamoja na Melle Mel, na Flash mwenyewe hakushiriki kuutengeneza ingawa jina lake ndilo lililo juu. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2002, Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka katika hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa, ukiwa wa kwanza wa rapu kuingia humo.

Kampuni iliyoutoa ndiyo iliyotoa “Rapper’s Delight” mwaka 1979, wimbo ulioipeleka rapu duniani. Nao una kisa chake. Mmoja wa waimbaji watatu alikuwa akifanya kazi katika duka la kuuza chakula cha Kitaliano, na mashairi aliyoyaimba aliyachukua katika daftari la rafiki yake, Grandmaster Caz. Hakubadilisha hata lile jina la mwenyewe lililotajwa ndani, akaliimba herufi kwa herufi! Caz hakulipwa chochote. Vijana wanaonakili kazi za wenzao darasani watanielewa haraka.

Na kulikuwa na Tupac. Huyo hata wazee mnamjua, maana picha yake imekaa kwenye fulana za vijana na vioo vya daladala kwa miaka. Sitamsafisha. Ameimba matusi mengi, ameishi maisha ya vurugu, na aliuawa kwa risasi Las Vegas mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 25. Lakini kijana alikuwa amenakili “Dear Mama”, wimbo wa mwaka 1995, na huo nilimwomba anisomee na kunifasiria wote, mstari kwa mstari, mbele ya baba yake.

Mama wa Tupac, Afeni Shakur, alikuwa katika chama cha Black Panther. Alikaa mahabusi New York akiwa na mimba, akajitetea mwenyewe mahakamani bila wakili, na mwaka 1971 yeye na wenzake wakaachiwa huru. Mwezi uliofuata akajifungua. Baadaye mama huyo akazama katika madawa ya kulevya, na mwanawe akaondoka nyumbani. Wimbo unakuja baada ya hayo yote. Mtoto anakiri kuwa alimtia mama yake uchungu, anakiri kuwa mama alikuwa mtumwa wa madawa, na bado anasema kuwa kwake yeye ni malkia na kwamba hawezi kumlipa. Afeni alijinasua na madawa, akaishi karibu miaka ishirini baada ya kifo cha mwanawe, na akafariki mwaka 2016.

Sote tunaijua aya ya 14 ya Surat Luqman kuhusu mama aliyechukua mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Tunajua pia kuwa Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya baba. Nauliza wazee: ni mara ngapi tumewafundisha watoto wetu jambo hilo kwa namna iliyowafanya walinakili kwa mkono na kulificha chini ya godoro? Mimi ni mwalimu wao, na swali linanihusu wa kwanza.

Hapa nchini nako si kila wimbo ni upuuzi. “Ndio Mzee” wa Professor Jay, wa mwaka 2001, unamwonyesha mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia kila anachosema. Mwaka 2015 mwimbaji huyo naye aligombea na kuwa Mbunge wa Mikumi, akasimama mwenyewe mbele ya umati. Lakini ziko pia nyimbo ambazo siwezi kuzitaja maudhui yake mbele ya kina mama, nazo watoto wanazijua kwa moyo kuliko Suratul Mulk.

Niwaambieni tulivyofanya na daftari. Nilimweleza kijana kuhusu ule mchoro kama nilivyowaeleza nyinyi. Ilikuwa vigumu. Nilikuwa namwambia kuwa mlango alioingilia kurudi kwetu haukujengwa na Waislamu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: “Kwa hiyo nilirudi kwa makosa?” Nikamwambia kuwa Mwenyezi Mungu humrudisha mja wake kwa njia aitakayo, na kwamba aliyemwita si yule mwimbaji.

Ukurasa wa mchoro aliuchana mwenyewe, akaniomba nimwandikie jina hilo kwa Kiarabu badala yake. Ukurasa wa “Dear Mama” aliomba abaki nao. Mimi nimemruhusu, baba yake hajakubali, na mama yake, ambaye hakuna aliyemuuliza siku ile, ametuma ujumbe kuwa anataka kufasiriwa na yeye. Tumekubaliana kukutana Alhamisi baada ya Isha. Mzazi mwenye daftari la namna hiyo nyumbani kwake alilete, na mwenye daftari aje nalo pamoja.