Muhuri na Mgonjwa
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Usoke)

Bwana Mwenyekiti, na ndugu makarani,

Zamani mpagazi aliyeugua kati ya Tabora na Ujiji aliachwa njiani, msafara ukaenda zake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo hospitali ya Kitete iko huko. Limzuialo mgonjwa wa hapa ni fedha.

Kuchangia gharama kulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Igunga, katika mkoa wetu huu, ilitangulia kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko ulioboreshwa wa mwaka 2018 ulitaka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Si nyingi, mtasema. Lakini mkulima wa tumbaku hupata fedha wakati wa masoko tu, na homa haingoji masoko.

Asiye na bima wala fedha hakuachwa kabisa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Maskini mwingine yampasa kupeleka barua ya kijiji chake kwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Barua hiyo, mabwana, huandikwa na sisi.

Bibi mmoja alikuja siku tatu kuiomba kwa ajili ya mwanawe. Mwenye ofisi alikuwa safarini, na muhuri umefungiwa kabatini. Mwenye ofisi ndiye mimi.

Naomba tukubaliane leo: aondokaye amwachie kaimu muhuri, na barua ya mgonjwa iandikwe siku ile ile, bila kudaiwa hata senti moja.