Juu ya Dawa za Watumishi wa Serikali
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chechelesi, Isiolo



Kwa idhini yenu twapenda kunena machache juu ya dawa, maana hapana mtumishi mwenye mshahara asiyekatwa pesa ya matibabu kila mwisho wa mwezi.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali ulianzishwa mwaka 1966. Mwaka 2012 watumishi wa Serikali waliiacha posho yao ya matibabu ili Mfuko uwalipie hata matibabu ya nje, dawa zikiwamo. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, ilishika mahali pake, na sasa hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hutoa 1,100.

Pesa imetoka, je, dawa i wapi? Mgonjwa hufika dirishani na karatasi yake, akaambiwa, "Haipo, kanunue nje." Hapo wengi huilaani bima. Lakini mara nyingi bima haikukataa kitu. Ghala ndilo tupu. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu zi chini ya kaunti, nazo kaunti huagiza dawa kwa KEMSA. Deni lisipolipwa, shehena hukawia. Mlalamikaji asiyejua mlango wa kubisha hurudi mikono mitupu.

Tena liko jambo la majina. Dawa moja huweza kuuzwa kwa majina kumi, na bei kumi. Amlodipini ya shinikizo la damu ni amlodipini, hata kasha likiwa la dhahabu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1977, hutaja dawa kwa jina lake la asili, na orodha ya Kenya vivyo hivyo. Twajua wako wazee wanaosadiki kwamba dawa rahisi ni chokaa tupu. Twawaomba wamwulize mfamasia, wasiulize barazani.

Linalotuhuzunisha zaidi ni wale wanaomeza kidonge leo na kuruka kesho, ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Shinikizo la damu halingojei mshahara.

Kwa hiyo Kamati yaomba hivi: mwanachama akiambiwa dawa haipo, asiondoke kabla ya kuandikiwa neno hilo katika karatasi, pamoja na tarehe. Karani wetu atalinakili daftarini, nasi tutakwenda nalo kwa wakuu wa afya wa kaunti mjini. Maneno matupu wameyasikia mengi.

Wanaokaribia kustaafu nao wajue kwamba makato ya mshahara hukoma pamoja na mshahara. Itawapasa kujilipia SHA wenyewe, kwa kadiri ya mapato ya nyumba, wala si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na wamwone karani mapema, wangali kazini.