Haleluya Moja, Rekodi Mbili

 

Tulipokuwa tukijifunza "Haleluya" ya Handel kwa ajili ya yubilei hii, tulisikiliza nyumbani rekodi mbili na kuzilinganisha. Ya Thomas Beecham, ya 1959, ina kwaya kubwa na matoazi ambayo Handel hakuyaandika. Ya Christopher Hogwood, ya 1980, ina kwaya ndogo. Soprano wanaiimba wavulana, na ala zinalia karibu nusu toni chini ya kipimo cha leo, kwa kufuata desturi ya zamani. Beecham anatutikisa. Hogwood anatuwezesha kusikia kila sauti, hata alto.

Hapo mjadala wetu ukaisha. Mama zetu waanzilishi walikuwa wameanza kunyamaza kwenye nota za juu. Leo tutaushusha wimbo nusu toni ili waimbe nasi. Hatumpunguzii Mungu sifa, tunamwongezea waimbaji.

Tuendelee kusikiliza nyumbani, halafu tusikilizane mazoezini.