Uzi: Kumuuguza mzazi nyumbani ni kazi ya nani?

Haya niliyasema Jumamosi mbele ya kikundi cha vijana hapa Longisa. Nimeyakata vipande yaingie kwenye uzi. Kama kawaida yetu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ni hoja tu.

1/ Kila kampeni ina ahadi mbili za afya: jengo jipya na mashine mpya. Sipingi. Lakini kuna mgonjwa ambaye jengo na mashine havimsaidii tena. Ni yule ambaye familia yake imeambiwa, "Mrudisheni nyumbani." Huyo humsikii kwenye mkutano wowote.

2/ Sisi tuna mgonjwa kama huyo. Baba ana saratani ya umio, ile wengi huita ya koo. Si ugonjwa mgeni hapa kwetu. Hospitali ya Tenwek, hapa hapa Bomet, imewawekea wagonjwa mirija ya kufungua njia ya chakula kwa miaka mingi. Pale baba aliporuhusiwa, sitapataja, tulipewa barua, dawa za wiki mbili na namba ya simu isiyoshikwa. Tangu siku hiyo, wodi ni sisi.

3/ Wodi yenyewe ni hivi. Mama ameacha kuchuma majani chai, maana baba hawezi kuachwa peke yake. Kumgeuza, kumwosha, kumnywesha uji mwepesi kijiko kwa kijiko, yote ni yeye. Kakangu hupanda boda kutafuta dawa ya maumivu. Akiikosa, usiku huo boma zima halilali.

4/ Hoja ya kwanza mtakayoisikia: "Kutunza mzazi ni kazi ya familia, serikali inaingiaje?" Katiba ya 2010 ilishajibu. Kifungu cha 57 kinasema wazee wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia yao NA serikali. Haikuandikwa "au". Mama amefanya upande wake. Upande wa pili uko wapi?

5/ Hoja ya pili: "Hiyo ni kazi ya Nairobi." Fungueni Jedwali la Nne. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Vituo vya afya vya kaunti, maduka yao ya dawa na afya ya msingi ni vya kaunti. Kwa hivyo muuguzi wa kufika nyumbani, muulize anayetaka ugavana na anayetaka kuwa MCA. Sheria za bima na za dawa kali kama mofini, muulize anayetaka ubunge.

6/ Hoja ya tatu: "Si tuna SHA?" Tunayo. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na sheria ya 2023 iliunda hazina tatu, mojawapo ya magonjwa sugu na mahututi. Lakini pesa za bima hulipwa vituo vya afya. Mama si kituo. Mshahara alioacha shambani hauna fomu ya kudai.

7/ "Sisi ni maskini, hayo ni ya Ulaya." Hapana, ni ya jirani. Hospice Africa Uganda ilianza 1993. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi waliofunzwa kazi hii waweze kuandikia wagonjwa mofini, bila kungoja daktari. Mofini ya maji hunywewa nyumbani, na mgonjwa haitozwi. Uganda si tajiri kutuzidi. Iliamua tu.

8/ Na sisi tuna pa kuanzia. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka vijijini na mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Anayetutembelea ni mama mwema sana. Ila hakufunzwa kutunza vidonda vya kulala, na mkobani hana dawa ya maumivu makali.

9/ Sasa lile gumu. Mtu akifa hapa, mchango hupatikana: hema, viti, chakula, na wakubwa huja na bahasha. Akiwa bado anaumwa, tunaambiwa pole. Siwalaumu majirani, wametubeba sana. Lakini kiongozi anayeleta bahasha kaburini aulizwe alipitisha bajeti gani mtu akiwa kitandani.

10/ Kabla ya Agosti 2027, beba maswali haya matatu:
Wauguzi wangapi wa kaunti watalipwa kutembelea wagonjwa nyumbani?
Mofini itapatikana kituo gani karibu na Longisa, na nani ataruhusiwa kuiandika?
Anayeacha kazi kumuuguza mzazi atasaidiwaje?

Akijibu "tutajenga hospitali," mwambie asante, kisha rudia swali.

Kwenu mnafanyaje? Nani anamuuguza nani? Andikeni hapo chini, hata kwa Kipsigis. Nitasoma yote usiku, zamu yangu ikifika.