Muulizeni Mwenyewe



Wazee wamekaa, mahari yametajwa, siku imepangwa. Binti ni kiziwi, na hakuna aliyemuuliza. Nyumba ya pili, kijana mwenye ulemavu wa akili anasema anataka kuoa, naye anajibiwa kwa kicheko. Mmoja anaozwa bila kauli yake, mwingine ananyimwa ndoa bila kusikilizwa. Wote wawili wamedhulumiwa, na wanaowadhulumu hudai wanafuata dini au sheria.

Tuanze na dini. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao na Zanzibar, ishara ya bubu inayofahamika ina nguvu ya tamko. Kwa ishara hiyo anaoa, anauza na anataliki. Asiyeona anaweza kuwa wali, yaani msimamizi wa ndoa, wa binti yake. Na mtu ambaye akili humtoka kisha ikamrudia, haozwi wakati imemtoka. Husubiriwa apate fahamu, aulizwe.

Ni kweli kwamba fikihi hiyohiyo inampa baba, au babu mzaa baba, uwezo wa kumwoza binti bikira bila idhini yake. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Wangeendelea wangeyakuta masharti: baba asiwe na uadui na bintiye, na mume awe kufu yake, yaani anayelingana naye kwa hadhi. Tena, kumtaka binti shauri ni sunna. Na kwa mwanamke aliyekwisha kuolewa, mlango huo umefungwa. Khansa binti Khidham aliozwa na babake asipopataka, akamwendea Mtume, na ndoa ile ikabatilishwa.

Kama ilivyo mamlaka ya wali katika ndoa, hata usimamizi wa mali una mpaka. Sura ya An-Nisaa inaagiza mayatima wajaribiwe, na wakionekana wamepevuka kiakili, wakabidhiwe mali yao. Msimamizi ameshika amana, na amana hurudishwa.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Inapogusa maradhi ya akili, haisemi mgonjwa asioe. Inauliza kama wakati ule alielewa maana ya tendo analolifanya. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 23 inatambua haki yao ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa yao, na ibara ya 12 inaitaka nchi iwape msaada wa kufanya maamuzi yao.

Kadhi na msajili, basi, wana swali moja la kuuliza: mwenyewe ameelewa, na ameridhia? Swali hilo halijibiwi na mjomba.

Masheikh na wasajili wa ndoa, nawaombeni. Kabla ya kufungisha, kaeni na mhusika mbali na wazazi wake. Kama ni kiziwi, aletwe mkalimani wa lugha ya alama. Kama uelewa wake ni wa taratibu, mwelezeni kwa maneno mepesi, mrudie, mngoje jibu. Mkalimani asipopatikana, ahirisheni. Biharusi akiashiria hapana, hakuna ndoa hapo, hata kama pilau liko jikoni.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akisema anataka kuoa au kuolewa, msimcheke. Kaeni naye mumsikilize.