Maumivu ya Kifundo na Kiwiko kwa Wanyanyuao Vyuma



Maneno yangu ya leo ni juu ya mkono, na hasa juu ya viungo vyake viwili, kifundo na kiwiko. Yafaa nieleze kwanza nitumiavyo majina hayo, maana wako watu walitumiao neno kiwiko kwa viungo vyote viwili. Mimi nikisema kifundo, ni pale pavaliwapo saa au bangili. Nikisema kiwiko, ni pale mkono ukunjikapo katikati.

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Kilosa, au ashukaye Mikumi katika barabara kuu iendayo Iringa, huweza kuwakuta vijana nyuma ya nyumba wakinyanyua vyuma, kila mmoja akitaka mkono wake utune. Vyuma vyenyewe mara nyingi si vya dukani. Ni bomba la maji lililochomekwa katika makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kokoto, au magurudumu ya meno yaliyotolewa katika lori bovu. Sina neno baya juu ya vyuma vya namna hiyo, kwa kuwa msuli haujui bei ya chuma. Lakini vina hila moja: uzito wake haukuandikwa popote.

Na tufanye hesabu kidogo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Saruji iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikiisha kukauka, hupata uzito wa maji mara 2 na theluthi hivi. Basi kopo la rangi la lita 4 likijazwa hupata kilo 9 na zaidi kidogo, na debe la lita 20 hupata kilo 46 au 47. Kijana aliyetia makopo mawili ya lita 4 katika bomba lake hudhani ana kitu kidogo, kumbe ameshika kilo 18 au 19, na bomba lenyewe halijahesabiwa. Tena kopo moja huwa limejaa sana kokoto na la pili limejaa mchanga, hata upande mmoja ukauzidi mwenzake, na mkono wa upande ule ndio ulipao deni. Dawa yake ni rahisi. Wenye kununua mpunga na mahindi wana mizani. Ombeni mpime kila kopo peke yake, kisha andikeni uzito wake kwa rangi.

Sasa natuone kiungo kinaumiaje. Msuli wa mbele ya mkono wa juu huanzia begani, ukashuka mpaka chini kidogo ya kiwiko, na hapo kano yake nene imeshika mfupa ule ulio upande wa kidole gumba. Watu wengi hudhani kazi yake ni kukunja kiwiko tu. Inayo kazi ya pili, nayo ni kugeuza kiganja kitazame juu, kama fundi wa mkono wa kulia akazavyo parafujo kwa bisibisi. Leonardo da Vinci, yule Mwitalia mchoraji aliyefariki mwaka 1519, aliliona jambo hilo alipokuwa akichunguza maiti ili ajue kuchora miili ya watu.

Kwa nini nataja hayo? Kwa sababu mtu ashikapo bomba lililonyoka kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu, mikono yake imegeuzwa mpaka mwisho wa mgeuko wake. Mifupa ya watu si sawa. Mmoja hufika pale bila shida, na mwenzake hafiki. Asiyefika hujilazimisha, na upungufu ule huchukuliwa na kifundo na kiwiko. Zaidi ya hayo, uzito ukimshinda, kifundo huvunjika kwa nyuma, yaani kiganja hulala kuelekea mkono, na bomba huning'inia penye vidole. Hapo kano nyembamba za mkono wa chini, ambazo hazikuumbwa kwa kazi ile, hubeba mzigo wote. Kano hizo zimeshika mfupa penye vifundo viwili vya kiwiko, cha ndani na cha nje, na ndiyo maana kosa la kifundo huumiza kiwiko.

Maumivu haya si mageni duniani. Mwaka 1873 daktari mmoja Mjerumani, jina lake Runge, aliyaeleza maumivu ya upande wa nje wa kiwiko kwa watu waandikao sana. Miaka 10 baadaye Waingereza wakayaona kwa wachezao tenisi. Waandishi na wachezaji! Nami naongeza mama atwangaye, na mkata mkonge, na mwenye jembe, kwa kuwa kila mmoja wao hufumba mkono kwa nguvu, tena na tena, kutwa nzima.

Na hapa nataka vijana wa wilaya hii wanisikilize sana. Vitabu vya mazoezi vingi vimeandikwa kwa watu wakaao katika viti mchana kucha. Kijana wa Kilosa aliyelima tangu alfajiri hata saa tano, au aliyepakia magunia katika malori pale Mikumi, ameshazitumia kano zake. Akienda jioni kunyanyua bomba, anazitwika kazi ya pili. Msuli hupata nguvu kwa majuma machache, lakini kano hukawia; kwa hiyo msuli husema naweza, na kano haijawa tayari. Basi majira ya kulima na ya kuvuna, nyanyueni kidogo, siku 2 katika juma zatosha; vyuma haviozi, na palizi haingoji. Nyumba ambayo kijana wake hawezi kushika jembe wakati wa masika yaweza kulala njaa mwaka ule kwa ajili ya mkono uliotuna.

Mwenye kuumwa afanye nini? Asiache kuutumia mkono kabisa, wala asiendelee kama kwamba hakuna neno. Kwanza apunguze uzito hata nusu, au zaidi. Pili abadili mshiko: aache bomba, ashike kopo moja moja lenye mpini, vigumba vikitazama juu na viganja vikitazamana, kama ashikavyo nyundo. Kifundo kiwe sawa na mkono, kisipinde mbele wala nyuma. Anyanyue bila kuyumbisha kiuno, kisha ashushe polepole akihesabu mpaka 4. Uzito ufaao ni ule awezao kuunyanyua mara 12 au 15 kwa adabu hiyo. Akianza kujipinda kama nyoka, umemzidi. Maumivu kidogo yaishayo kabla ya asubuhi si kitu; yakiwapo hata kesho yake, apunguze tena.

Liko zoezi moja la kuponya, na chombo chake ni chupa ya maji ya nusu lita. Keti, laza mkono wa chini juu ya meza, kiganja kikining'inia nje ya ukingo. Ikiwa maumivu yako upande wa nje wa kiwiko, kiganja kitazame chini. Yakiwa upande wa ndani, kitazame juu. Shusha chupa polepole, kisha uirudishe juu kwa msaada wa mkono wa pili. Fanya mara 10 au 15, upumzike, urudie mpaka zamu 3 kwa siku. Usikate tamaa baada ya siku 4, kwa kuwa kano hupona kwa majuma mengi, pengine kwa miezi.

Juu ya dawa nina maneno machache. Barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hutuliza maumivu. Vidonge vya kutuliza havifai kumezwa ili mtu apate kunyanyua zaidi. Humficha mgonjwa ugonjwa wake, na vingine vikizidi huumiza tumbo na figo. Sindano ya kiwiko huleta nafuu ya upesi, lakini imeonekana kwamba baada ya miezi wengi waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Kuchanja chale penye kano sikushauri hata kidogo.

Ninyi wanafunzi, mifupa yenu ingali ikikua, na penye kiwiko pana sehemu laini zisizokomaa bado. Shindano la nani ana kopo zito si lenu. Chukueni kitu chepesi mnyanyue mara nyingi.

Mwisho, ziko dalili ambazo hazingoji zoezi wala chupa. Kiungo kikisikika kulia ghafula, kikavilia damu, na msuli ukajikunja kuelekea begani, kano imekatika. Mtu huyo aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa upasuaji hufaa zaidi katika majuma machache ya kwanza. Vidole vikifa ganzi, au mkono ukilegea na kuangusha vitu, mshipa wa fahamu umebanwa. Kiungo kilichovimba, chekundu, chenye moto, pamoja na homa, chaweza kuwa na usaha ndani. Aliyeangukia kiganja, akaumwa penye bonde lililo chini ya kidole gumba, huenda amevunjika mfupa mdogo ambao picha ya kwanza haiuonyeshi. Maumivu yakizidi siku 10, arudi apigwe picha ya pili. Na mtu mzima aumwaye mkono wa kushoto pamoja na kubanwa kifua na kutoka jasho, asiuchue mkono. Apelekwe kwa daktari mara moja, maana ugonjwa huo yaelekea ni wa moyo.